Kuing'arisha Bastola ya Marehemu

Bwana Teixeira alikuwa na desturi ya kunusa. Kabla hajataja bei ya kitu chochote, kiwe saa ya ukutani, nishani ya vita au jambia la mtu aliyekwisha kusahauliwa na wajukuu wake, alikisogeza puani, akafumba macho, akavuta pumzi kama mlevi aliyefunguliwa chupa. Jumatatu ile alinusa rivolva. Alinusa mtutu, akanusa silinda yenye matundu sita, akanusa mpini wa mbao uliokunywa jasho la viganja vya watu wasiojulikana. Mimi niliyesimama kando na daftari nikajiuliza, kama nilivyojiuliza kila siku kwa miezi minane, ni dhambi gani ya mababu iliyonitoa Bukoba ikanileta Jules Street ya Joburg kumtazama mzee wa Kireno akinusa vyuma.

Mwenye bastola alikuwa ameketi mbele yake, mkoba magotini. Aliitwa Bi Leonida, Mluguru wa Morogoro, mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye uso wa mtu aliyepanga foleni nyingi. Ujanani aliolewa na mkimbizi wa siasa kutoka huku, fundi seremala wa kambi ya Mazimbu aliyeitwa Zolile Ndlangisa, na mwaka wa tisini na mbili akamfuata mumewe alikorudi. Mume alifariki Machi. Bastola marehemu aliachiwa na wakili mzee wa Kensington, mteja wake wa makabati. Akaikatia leseni, akaifungia, asiifyatue hata siku moja. Sasa sheria haikumruhusu mjane kuikalia. Ama aiuze kupitia duka lenye kibali cha silaha kama letu, ama aipeleke polisi ikayeyushwe.

"Mwambie mama nadhani randi elfu kumi na nne," Bwana Teixeira aliniambia kwa Kiingereza. Kiswahili hakukijua, aliniajiri nifagie na kuandika daftari, na ukalimani akaupata bure, kama nyongeza ya sokoni. "Mnunuzi atakuja Ijumaa. Sehemu moja kwa tano ni yangu. Na mwambie hivi: mtu yeyote asiiguse. Asiifute hata vumbi. Uchafu huu ndio mali yenyewe."

Nilitafsiri. Nilipofika kwenye uchafu nilishindwa kuuzuia mdomo wangu usipinde.

"Uchafu ni mali?" Bi Leonida akacheka. "Basi shemeji zangu wote ni mabilionea."

Kisha akaacha kucheka, akahesabu kwa vidole juu ya mkoba. Sehemu ya dukani ikitoka, zingebaki elfu kumi na moja na mia mbili. Fundi wa mawe ya makaburi alitaka elfu kumi na moja. Tarehe tisa Desemba ilikuwa imekwisha kupangwa kuwa siku ya kulifunua jiwe, ukoo mzima utakuja, ng'ombe atachinjwa, na huku, aliniambia, kaburi lisilo na jiwe ni uchi wa marehemu.

"Hawajachanga hata senti. Wamechanga midomo tu. Wanasubiri waone kama yule mwanamke wa kigeni atamsimamishia ndugu yao jiwe, au atamwacha na kile kibati chenye namba." Akanitazama juu hadi chini. "Na wewe ni wa wapi?"

"Bukoba, mama."

"Mhaya! Ndiyo maana umesimama kama mwenye duka. Basi niangalizie mali yangu, mwanangu. Hawa wananusa mno."

Maneno hayo niliyachukua kama kiapo. Mtu aliyezoea kuagizwa ndoo na ufagio, siku akiagizwa kulinda haki ya mtu hujiona amevaa joho.

Lazima niseme nilivyomdharau Bwana Teixeira, kwani bila dharau hiyo mambo haya yasingetokea. Nilidharau suruali yake iliyoshikwa na kamba ya viatu. Nilidharau mkate wake na dagaa wa kopo, na makombo aliyoyaacha juu ya kaunta ya kioo ili mimi niyafute. Zaidi ya yote niliwadharau wateja wake, wanaume wazima wenye magari makubwa, waliopiga magoti mbele ya kitara kilichopinda na kuzungumza kwa kunong'ona kana kwamba kuna mtoto amelala. Mimi mtoto ninaye. Kokusima wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na hakuna aliyewahi kumnong'onezea hivyo isipokuwa mimi na baba yake, Deo, zamu za lango la majumba ya Midrand zinapompa nafasi ya kurudi nyumbani. Chuma kilichotengenezwa kutoboa watu kilihifadhiwa kwenye mahameli. Binti yangu alilala kwenye chumba cha Bellevue ambacho ukuta wake wa mbao ulitutenganisha na kikohozi cha jirani.

Na nilikuwa nasoma. Hilo nalo liingie kwenye hesabu. Mara tatu kwa wiki, duka likifungwa, nilikwenda madarasa ya jioni kwenye ukumbi wa kanisa Yeoville, nikajifunza Kiingereza na hesabu za biashara pamoja na wasusi na walinzi wanaopiga miayo. Nilikuwa nimeonja elimu kiasi cha kuona kila mahali nilipokuwa nikidanganywa. Sikuwa nimefika kiasi cha kuona nilipokuwa nikijidanganya mwenyewe.

Kwa hiyo Jumanne, Bwana Teixeira alipokuwa akinywa kahawa yake, nilifungua kitabu kinene cha bei alichokiweka chini ya kaunta. Niliipata ileile, rivolva ya Kiingereza inayokunjuka shingoni, yenye chapa ya mshale ubavuni. Kando ya picha palikuwa na safu za bei, nikasoma mbili za juu. Hali ya wastani: elfu kumi na nne. Hali bora kabisa: elfu ishirini na mbili.

Nilikifunga kitabu taratibu, kwa furaha mbaya. Nimekukamata, mzee. Uchafu ndio mali, eti! Chuma kikibaki kichafu kitaitwa cha wastani, kitauzwa kwa rafiki yako kwa kumi na nne, kisha nyinyi wawili mtakisafisha na kugawana elfu nane za mjane. Niliyaona yote, waziwazi, kama mtu anayesoma barua aliyojiandikia.

Jioni ile nilimsimulia Mama Murielle, Mkongo tunayepakana naye ukuta, anayebaki na Koku nikiwa kazini. Hakushangaa. Aligeuza mahindi kwenye jiko lake la mkaa, akasonya.

"Bapatron bote ni bamwizi, dada. Bote. We ulikuwa unafikiri nini?"

"Nitamwonyesha."

"Utamwonyesha nini?"

"Nipe majivu yako kidogo."

Kwetu sufuria ndiyo shahada ya mwanamke. Mama mkwe akija kukutembelea haulizi ulisoma hadi wapi. Anageuza sufuria na kutazama kitako chake. Mimi nilisugua za mama yangu tangu nina miaka sita, kwa majivu na nyuzi za mgomba, hadi ukijitazama ndani unaona kama umekula au hujala. Siku ya kuolewa kwangu shangazi alisema mbele ya watu kwamba mikono yangu haijui kuacha doa. Kama kuna jambo moja duniani nililolijua kuliko Bwana Teixeira, basi ni hilo.

Alhamisi alasiri alikwenda kliniki kwa ajili ya mgongo wake. Ufunguo wa kasha la silaha aliniachia mimi. Kisheria ni kosa kubwa, lakini mgongo wake ulikuwa haukunjiki tena na kasha lilikuwa chini sakafuni. Niligeuza kibao cha mlangoni kisomeke tumefunga, nikapeleka bastola kwenye beseni la nyuma. Siki, majivu, waya wa kusugulia. Sikuiogopa. Isiyo na risasi ni bibi asiye na meno.

Weusi ukatoka. Ulitoka kwa urahisi ambao ungemshtua mtu mwenye akili tulivu, lakini mimi nilikuwa naimba. Maji yaligeuka rangi kama ya kuoshea kaniki mpya. Chini ya ule weusi wenye ubuluu chuma kikachomoza cheupe, kikazidi kuwa cheupe, nikasugua mtutu, nikasugua silinda, nikaingia hadi kwenye mikunjo ya ile chapa ya mshale kwa mswaki mkuukuu. Mpini nao niliukwangua jasho la wafu, kisha nikaupaka mafuta ya Koku. Nilipomaliza niliinyanyua mbele ya dirisha. Iling'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nilimwazia Bi Leonida akivaa nguo nyeupe tarehe tisa Desemba, na mawifi wakitafuta la kusema wasilipate, na machozi yakanilengalenga. Nataka ieleweke hivyo. Niliifanya kazi ile kwa upendo.

Ijumaa Bi Leonida aliwahi kabla ya wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo? Wako wapi wanusaji?"

Bwana Teixeira alikuwa chooni. Sikuweza kungoja, nilifungua kasha, nikaiweka mbele yake juu ya kitambaa cheusi. Mama yule alipiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo.

"Jamani! Imekuwa kama kijiko cha Ulaya! Zolile angeiona hii..."

Mlango ukafunguliwa, akaingia mnunuzi, Daktari Pillay, daktari wa meno kutoka Midrand, mtu mwembamba mwenye manukato na lenzi ndogo aliyoining'iniza shingoni. Wakati huohuo Bwana Teixeira alitoka nyuma akijifunga ile kamba yake. Wote wawili wakaitazama kaunta. Nilikuwa nikisubiri uso wa mwizi aliyeumbuliwa. Sikuuona. Niliuona uso wa mtu aliyefika nyumbani akakuta kitanda kitupu.

Daktari hakuinusa. Aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akaweka lenzi jichoni, akaiondoa.

"Nani ameipiga mswaki?" aliuliza. Kisha akacheka, peke yake, kicheko cha mtu anayejua bili italipwa na mwingine.

Bwana Teixeira alinivuta nyuma ya kabati la saa. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha jioni. Siki. Majivu. Ukurasa wa kitabu, safu mbili. Hakunifokea, afadhali angefoka.

"Ule weusi," alisema taratibu, "ni rangi iliyopikwa kiwandani zaidi ya miaka mia iliyopita. Ndiyo wanayoilipia. Hali bora kabisa maana yake ni ile ambayo haikuguswa na mtu. Haikuguswa, binti. Ikitoka hairudi. Ikipakwa mpya, wanajua. Nilikwambia usiiguse."

"Nilidhani..."

"Ulidhani mimi ni mwizi."

Halikuwa swali. Nilitazama viatu vyake. Saa zote za kabatini zilikuwa zimesimama, kila moja kwenye dakika yake, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini hakuwahi kuniruhusu kuzifuta nyuso zake.

Tuliporudi kwenye kaunta daktari alikuwa ameshika kalamu. "Elfu mbili na mia nane," alisema. "Kwa ajili ya vipuri. Na hapo nawahurumia."

Nilimtazama Bwana Teixeira nikitumaini atabisha. Hakubisha. Nilikikumbuka kitabu, nikaikumbuka safu ya tatu, ile ya mwisho chini kabisa, ambayo Jumanne sikujisumbua kuisoma. Iliyosuguliwa. Ilikuwa bei ya haki. Ungeweza kuipeleka bastola ile kwa wanunuzi kumi, Sandton hadi Pretoria, na asingetokea wa kuongeza mia tano.

"Mwambie soko limeanguka," Bwana Teixeira alisema kwa sauti ya chini, bila kunitazama. "Mwambie nilikosea Jumatatu. Sehemu yangu siitaki, achukue zote. Ukimwambia kweli ataandika malalamiko, polisi watauliza ufunguo ulikuwa kwa nani, na huyo mtu karatasi zake za kuishi nchini zikoje. Mimi nitapoteza kibali. Wewe utapoteza zaidi. Nakusaidia, Violeth."

Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina langu. Jumatatu nilikuwa nimemdharau mtu mwaminifu. Ijumaa alijifunza kustahili dharau yangu, na mwalimu wake nilikuwa mimi.

"Wanasemaje?" Bi Leonida aliuliza.

"Wanasema elfu mbili na mia nane."

Alingoja, akidhani bado sijamaliza kutafsiri. Alipoona nimemaliza, uso wake ulijikunja, na dharau iliyopanda pale ilikuwa ya kikongwe, iliyokomaa. Yangu mbele yake ilikuwa mtoto wa kunyonya.

"Jumatatu ilikuwa chafu, kumi na nne. Leo imeoga, mbili. Miaka ishirini na mitano nipo Joburg, mwanangu, nimeuziwa friji lisilo na moyo na paa lisilo na misumari, lakini huu ni wizi wenye tai. Muulize huyo mwenye manukato, mke wake akioga bei yake hushuka?"

Sikutafsiri. Daktari alitazama saa yake.

"Basi usiwaulize wao," alisema, akanishika mkono. "Nakuuliza wewe. Wewe ni mtoto wa kwetu, unasoma vitabu vyao. Bei hii ni ya haki au si ya haki?"

Ningeweza kusema soko limeanguka. Maneno mawili tu, mepesi, yasiyo na mwenyewe. Angelia, angewalaani Wazungu na Wahindi kwa lugha tamu ya Morogoro, angenishukuru, labda angeniombea. Mimi ningerudi kwa Koku na kazi yangu mkononi. Na angetoka hapa akinipenda.

"Ni ya haki, mama," nilisema.

Mkono wake ulilegea.

"Ni ya haki kwa jinsi ilivyo leo. Jumatatu thamani yake ilikuwa kumi na nne, hakukudanganya. Ni mimi. Jana nilifungua kasha nikaisugua kwa siki na majivu. Nilidhani naiongezea bei. Ile rangi nyeusi ndiyo iliyokuwa mali, nami nimeimwaga kwenye beseni."

Aliichukua bastola, akaigeuzageuza, akajitazama kwenye ubavu wake.

"Imeng'aa kweli," alisema. Halafu, "Mhaya. Nani alikuomba?"

"Hakuna, mama."

"Hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa mwizi ningekutukana nikapumua. Sasa nikutukane nini?" Aliirudisha juu ya kitambaa, mtutu ukielekea ukutani. "Na wao walikuagiza useme nini?"

"Niseme soko limeanguka."

"Hee." Alimtazama Bwana Teixeira kama mtu anayetazama chombo kilichotoka mnadani. "Na ufunguo alikupa nani?"

"Yeye."

"Unajua kuandika Kiingereza chao?"

"Najua."

"Basi andika. Yote. Ufunguo, siki, majivu, kumi na nne, mbili na mia nane. Uweke sahihi yako, naye aweke yake, au niende polisi na hii mkononi wanieleze wao. Duka limeharibu, duka lilipe. Si ndivyo vitabu vyao vinavyosema?"

"Ndivyo vinavyosema. Nikiandika, mama, kazi imekwisha. Na huenda si kazi peke yake."

"Una watoto wangapi?"

"Mmoja. Wa kike."

Alitikisa kichwa polepole. Nilidhani ataniachilia. Nakiri, nilitumaini.

"Mmoja," alisema. "Na mimi nina kaburi moja."

Daktari Pillay alikuwa amekwisha kufungua mlango. Kelele za Jules Street ziliingia, honi na muuza nyanya, kisha mlango ukazifungia nje. Bwana Teixeira alivuta kiti, akaketi kwa tabu, akiushika mgongo wake. "Mmemaliza?" aliuliza. "Amekubali?"

Nilichana ukurasa mtupu kutoka nyuma ya daftari. Niliandika tarehe. Niliandika jina langu na la mtaa ninaoishi, kwa Kiingereza, na sentensi ya kwanza ikatoka bila kosa, iliyonyooka, ambayo mwalimu wetu angeisifu mbele ya darasa. Kalamu ilisimama nilipofika kwa mwenye mali.

"Jina kamili la marehemu, mama."

"Zolile," alisema, akasogeza kiti chake karibu na changu hadi mabega yetu yakagusana. "Zolile Gcobani Ndlangisa. Hilo la katikati linaanza na G, halafu C. Usilikosee. Wamelikosea hospitali, wamelikosea kwenye cheti, wamelikosea hata kwenye kibati. Andika herufi mojamoja. Sina haraka."

"Anasema nini?" Bwana Teixeira aliuliza. "Violeth. Anasema nini?"

"Anataja jina la mumewe," nilisema, nikaiandika G.